Kuosha na kubandika upya protekta ya kioo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wanatupa protekta ya skrini ya simu ikiwa nzima kabisa kisa punje moja ya vumbi imeingia chini, af wanarudi dukani kulipia nyingine ambayo nayo inabandikwa palepale barabarani kwenye vumbi lilelile. Hiyo ni hela inapotea bure. Haya ndo maswali yanayokuja sana kuhusu kuisafisha na kuirudisha. Naongelea za kioo, zile ngumu zinazopasuka, zile laini nitazigusa mbele huko.

Protekta ya kioo ikishabanduka inarudi kweli au ndo basi tena?

Inarudi. Nyuma yake ina tabaka jembamba la silikoni, na silikoni sio gundi ya kukauka kama supaglu kwamba ikishatumika imeisha. Yenyewe inashika kwa kulala bapa kwenye kioo cha simu mpaka hewa yote ya katikati inatoka, basi, ndo maana ukiiweka vizuri unaiona inajitandaza yenyewe bila kusukumwa. Ikikataa kushika mara nyingi shida sio gundi kuisha, shida ni vumbi, nyuzi za nguo na mafuta ya vidole yamekaa juu ya ile silikoni yanaizuia isigusane na kioo, ukiyatoa inashika tena. Ila kila ukibandua nguvu inapungua kidogo na zile kona ulizoshikia ndo zinaanza kuchoka, kwaiyo usiifanye tabia ya kila wiki.

Nitajuaje kama yangu bado inafaa?

Ibandue, ishike kwenye mwanga uiangalie kwa mshazari. Kama kioo kina ufa hata mdogo wa kwenye kona, achana nayo, ule ufa utatembea siku ukiikunja kidogo wakati wa kubandika na vipande vitakukata kidole. Kama kioo kizima ila silikoni imechanika, imebaki na kovu la kucha au imetoka kipande, hapo palipotoka patabaki na doa la hewa milele, hakuna cha kuosha. Na kama ilikuwa nzuri tu ila chafu, hata kama inatisha kwa uchafu, hiyo inaoshwa.

Vumbi ni punje moja tu, lazima nibandue yote niioshe?

Hapana, na tafadhali usiioshe kwa sababu ya punje moja. Nyanyua upande ule ulio karibu na punje tu, upande wa pili uache umeshika hivohivo ili usipoteze mpangilio. Kunyanyulia tumia kadi ngumu ya plastiki, ile fremu ya kadi inayobaki ukishatoa laini ya simu inafaa sana maana ni nyembamba. Kisu au wembe hapana kabisa.

Ukishanyanyua angalia punje imebaki wapi, kwenye simu au kwenye protekta. Kata kipande cha selotepu, kikunje kwenye kidole upande unaonata ukiwa nje, gusa ile punje af inua. Gusa na kuinua tu, usiburuze. Selotepu inaweza kugusa hata ile silikoni ya protekta bila kuiharibu ilimradi unagusa kidogo na sio kuikandamiza na kuiacha. Punje ikitoka shusha protekta taratibu, imekwisha. Kazi ya dakika moja hiyo na ndo inayotatua kesi nyingi.

Na kuiosha kwa maji na sabuni inakuwaje?

Hii ni kwa protekta iliyojaa vumbi upande mzima, au iliyoangukia sakafuni upande wa gundi, au mtoto ameishika na vidole vya maandazi. Selotepu hapo haitoshi.

Kwanza nawa mikono yako vizuri na sabuni mpaka mafuta yaishe, hii watu wanairuka halafu wanashangaa alama za vidole zimetoka wapi. Ishike protekta kwa kingo zake tu. Maji yawe ya uvuguvugu, sio ya moto, weka tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya upande wa gundi, na ncha ya kidole kilicholowa pitisha taratibu kwa duara bila kukandamiza. Utasikia silikoni inateleza, na yale mabonge ya vumbi yanaachia yenyewe. Usitumie sponji wala brashi ya meno. Usitumie ile sabuni ya unga, ina chembechembe. Zenye losheni ndani ya kulainisha mikono nazo ziache maana zinaacha utando wa mafuta juu ya gundi na hapo umefanya kazi ya kujirudisha nyuma.

Suuza mpaka uhakikishe utelezi wa sabuni umeisha kabisa, halafu suuza tena. Ikungute maji. Sasa hapa ndo wengi wanaharibu, wanachukua taulo au tishu wanafuta. USIFUTE UPANDE WA GUNDI. Tishu itaacha nyuzi nyeupe mamia na utaanza upya. Iegemeze kwenye glasi au kikombe ikae imesimama kwa mshazari, upande wa gundi ukiangalia chini kidogo ili vumbi la hewani lisitue juu yake, kingo tu ndo ziguse kitu, iache ikauke yenyewe. Nusu saa au zaidi kutegemea na hali ya hewa ya ulipo, Tanga au Mombasa mwezi wa nne utasubiri sana, Dodoma kiangazi inakauka haraka. Tone likigoma kukauka pale ukingoni liguse kwa ncha ya kitambaa cha miwani linyonywe, usilifute. Draya ya nywele usiiwashe, inapuliza vumbi lote la chumba lije kwenye gundi.

Ikishakauka kabisa gusa kona moja kidogo, utakuta inanata kama mwanzo. Ikibaki na unyevu hata kidogo usibandike, maji yatanaswa katikati.

Maji yoyote tu yanafaa?

Kusafishia mwanzo yoyote, ila suuza ya mwisho chagua maji. Maeneo mengi ya Dar watu tunatumia maji ya kisima na ya kisima mengi yana chumvi, yakikauka juu ya silikoni yanaacha madoa meupe ya duara ambayo ukibandika unayaona kabisa na skrini ikiwa nyeupe. Suuza mwisho na maji ya kunywa ya chupa, nusu kikombe kinatosha, au maji ya mvua uliyokinga safi. Kama unayo yale maji ya betri yasiyo na tindikali, yaliyochujwa madini, ndo bora kuliko yote, ila soma chupa vizuri maana kuna chupa nyingine inafanana na ile ni asidi na hiyo ni hatari kwa ngozi na macho.

Spiriti, sanitaiza, petroli, dawa ya meno, nitumie ipi?

Tutenganishe vitu viwili hapa. Kioo cha simu chenyewe kabla ya kubandika unaweza kukifuta na kile kitambaa chenye maji kinachokuja kwenye boksi la protekta, kilichoandikwa 1, kile ni alkoholi. Kama huna, spiriti ya isopropili (aina ya alkoholi) ya asilimia 70 kidogo kwenye kitambaa laini inafanya kazi hiyohiyo, hata Apple wenyewe tangu 2020 waliweka kwenye maelekezo yao kwamba waipsi (vitambaa vilivyoloweshwa tayari) za isopropili za asilimia 70 unaweza kufutia nje ya simu taratibu. Usimwagie kwenye simu, lowesha kitambaa, na usipitishe kwenye tundu la chaji na spika.

Upande wa gundi wa protekta usiweke spiriti. Maji na sabuni tu.

Sanitaiza achana nayo pande zote, nyingi zina gliserini ya kulainisha ngozi na inabaki kama ukungu. Petroli na thina ambazo baadhi ya mafundi wanatumia zinakula plastiki na gundi nyingine za simu, na moto ukiwa karibu ni balaa. Dawa ya meno haifuti mkwaruzo, ni unga wa kusugulia, inaongeza mikwaruzo midogo na kuondoa ule utando wa juu. Jiki sitaki hata kuiongelea.

Nibandikie wapi ili vumbi lisirudi?

Swali zuri kuliko yote, maana kubandika ni kupambana na vumbi tu. Bafuni ndo chumba bora. Mwaga maji ya moto kidogo au oga kwanza, mvuke ukipanda unashika vumbi la hewani unalishusha chini, subiri mvuke upungue ndo uingie na simu, sio uingie kwenye mvuke mzito simu ikalowa. Zima feni, kama una pangaboi lizime muda kabla maana likizimwa sasa hivi vumbi bado linaelea. Usibandikie kitandani, usibandikie kwenye zulia, sweta na kanga mpya zinamwaga nyuzi kwaiyo kunja mikono ya nguo.

Kuna vumbi jingine watu hawalijui, linatoka kwenye simu yenyewe. Toa kava kwanza, ukilitoa utaona mstari wa uchafu umejipanga pembeni mwa fremu, huo ndo unaohamia kwenye kioo ukianza kufuta. Futa pembeni zote. Halafu kale kaufa ka spika ya sikioni hapo juu kamejaa vumbi la mfukoni, kaguse na stika ya vumbi, ile ya kunata inayokuja kwenye boksi la protekta, au selotepu mpaka isitoe kitu. Mtu anafuta skrini inang'aa, anashusha protekta, punje inaruka kutoka kwenye spika inakaa katikati. Inaudhi sana.

Na usisugue sana kioo kwa kitambaa kikavu mwishoni, unakitia umeme tuli kinaanza kuvuta vumbi. Futa kwa alkoholi, kausha kwa kitambaa cha 2, kile kikavu cha kwenye boksi, mara chache, malizia na stika ya vumbi au selotepu, bandika hapohapo.

Nikibandika inaenda upande, nifanyeje?

Kabla hujaosha wala hujatoa chochote, iweke protekta juu ya simu ikiwa kavu, ipange vizuri kwa kuangalia tundu la kamera na spika, halafu bandika vipande viwili vya selotepu upande mmoja mrefu, nusu juu ya protekta nusu ubavuni mwa simu. Sasa inafunguka na kufunga kama bawaba ya mlango, unaifungua, unasafisha kioo, unaifunga inarudi palepale. Hii ni kwa protekta mpya au ile ya punje chache, kwa iliyooshwa utaweka selotepu ikishakauka, tena kwa juu tu, upande wa gundi usiguswe.

Ukishusha usikandamize. Iachie ishuke, gusa katikati mara moja na kidole utaona wimbi linatanda mpaka kingoni lenyewe.

Viputo vimebaki, nisubiri au nibandue?

Kisukume na kadi iliyofungwa kitambaa kwenda ukingoni. Kikitembea ni hewa, na vile vidogovidogo vya hewa vinapotea vyenyewe ndani ya siku moja mbili, acha. Kisipotembea na ukiangalia kwa karibu unaona kidoti katikati, hilo ni vumbi, halitaondoka hata usubiri mwaka, rudi kwenye selotepu.

Kingo zimeinuka kote, katikati iko sawa. Naosha?

Kabla ya kuosha vua kava halafu ushushe kingo na kidole. Zikikaa chini zikatulia basi mbaya wako ni kava, linasukuma protekta kwa pembeni. Utaosha na kubandika mpaka uchoke na kingo zitainuka tena. Tafuta protekta ndogo kidogo isiyofika mwisho kabisa au kava lenye mdomo mfupi.

Kama hata bila kava zinainuka na simu yako ina skrini iliyopinda pembeni, hapo protekta bapa haiwezi kulala, maumbile yake hayaruhusu.

Nimeambiwa nipake mafuta ya kupikia pembeni, ni kweli?

Yanafanya ule mstari mweupe upotee, hilo ni kweli, kwa sababu mafuta yanaingia palipokuwa na hewa na yanapitisha mwanga karibu sawasawa na kioo kwaiyo jicho halioni tena nafasi. Lakini hayajabandika kitu. Nafasi iko palepale imejaa mafuta, vumbi linakuja kunata humo na kuwa mstari mweusi, na gundi iliyoguswa na mafuta ndo mwisho wa kuoshwa kirahisi. Mimi siyashauri. Supaglu nayo usithubutu, hiyo haitoki kwenye skrini.

Protekta yangu inagusa vibaya, skrini haisomi kidole vizuri

Angalia kama gundi iko kote au iko kwenye ule mzunguko mweusi wa pembeni tu. Kuna za bei rahisi zimepakwa gundi pembeni peke yake, katikati ni hewa, ndo hizo unaona madoa yanayometameta kama mafuta juu ya maji na tachi inasuasua. Hizo kuziosha haisaidii. Ukinunua nyingine mwambie muuzaji unataka ya gundi nzima, na zile namba za 9D, 11D, 21D usizilipie zaidi, ni majina ya kuuzia.

Kama gundi iko kote, kwenye Samsung nyingi kuna mpangilio wa kuongeza wepesi wa tachi kwenye mipangilio ya skrini, uwashe.

Na fingaprinti ya kwenye skrini?

Baada ya kubandika au kurudisha protekta futa alama zako za zamani usajili upya ukiwa na protekta juu. Simu zinazosoma kwa mwanga kwa kawaida zinakubali. Zile zinazosoma kwa mawimbi ya sauti, Samsung alianza nazo kwenye Galaxy S10 mwaka 2019, zinasumbua zaidi maana hewa kidogo tu katikati inakata mawimbi, kwaiyo kiputo kikiangukia palepale pa kidole hakuna usajili utakaosaidia, toa kiputo kwanza.

Ya UV nayo naweza kuosha nikairudisha?

Hapana. Ile inamwagiwa gundi ya maji halafu inakaushwa kwa taa, ikibanduliwa gundi imeshakufa. Na wakati wa kuiweka gundi ile inaweza kuchuruzika ikaingia kwenye spika na vitufe, kwaiyo kama lazima uiweke, mpe mtu anayeziba matundu kwanza na umwangalie.

Imeandikwa 9H, mbona imekwaruzika?

Hiyo H ni ya penseli. Wanakwaruza na penseli za ugumu tofauti, 9H ni ile ngumu kabisa, protekta ikistahimili wanaandika 9H. Haimaanishi ni ngumu kuliko mawe. Kwa kipimo cha Mohs kinachotumika kwenye madini kioo kiko kwenye 5.5 mpaka 6.5 hivi, na kwatzi, ambayo ndo imejaa kwenye mchanga mwingi wa kawaida, ni 7. Funguo na sarafu hazikwaruzi sana, mchanga uliobaki mfukoni ndo unakwaruza. Ndo maana pia kabla hujafuta skrini pulizia kwanza au ikungute, ukianza kusugua na mchanga juu unachora mwenyewe.

Kila siku niisafishe na nini?

Kitambaa cha miwani kikavu, kikishindwa kiloweshe na maji kidogo. Protekta mpya ina utando mwembamba juu unaofukuza mafuta ya vidole, ndo unaifanya iteleze. Ukiipiga spiriti kila siku utando unaisha, alama za vidole zinaanza kung'ang'ania na kidole kinakwama. Kitambaa chenyewe nacho kifue, bila sofuta, ile dawa ya kulainisha nguo.

Imepasuka, naitoaje salama?

Bandika selotepu pana juu yote kwanza, vipande vishikane visiruke. Anza kona ambayo haijapasuka, ingiza kadi, songa mbele taratibu ukiwa umeilaza chini, usiivute kwenda juu. Ikigoma pasha joto dogo na draya kwa umbali sekunde chache, hapa draya ruksa. Vipande vifunge kwenye karatasi nene kabla ya kutupa, kuna watu wanaokota taka kwa mikono.

Za seramiki na zile laini za plastiki je?

Zile wanazoziita seramiki mguso wake ni wa plastiki inayopinda, hazipasuki lakini zikibanduliwa zinajikunja na kuvutika, kurudi sawasawa ni bahati. Punje moja ya pembeni unaweza kuitoa na selotepu. Kuosha nzima usijisumbue.

Simu ya kukunja, ile protekta ya ndani imeanza kuinuka, niibandue nioshe?

Usiibandue. Kwenye simu za kukunja kama Galaxy Z Fold na Z Flip ule utando wa ndani umewekwa kiwandani na ni sehemu ya ulinzi wa skrini yenyewe, kioo cha chini yake ni chembamba mno. Mwaka 2019 Galaxy Fold ya kwanza ilichelewa kutoka baada ya baadhi ya waliopewa kuijaribu kubandua utando huo na skrini zikaharibika. Ukianza kuinuka kwenye mkunjo acha kuisukuma na kucha, peleka kwenye kituo cha huduma cha kampuni yenyewe wakubadilishie.